Mke Wangu Anapenda Kula Hotelini, Tumbo Langu Linakataa

Shangazi wetu wa gazetini, shikamoo. Nina ugonjwa wa tumbo, lakini kilichonifanya nishike kalamu si tumbo, ni mke wangu, maana nahisi ananitoka mkononi na mwenye kosa ni mimi.

Mimi ni fundi umeme, kazi yangu ni kuvuta nyaya kwenye nyumba za watu, na mke wangu ni mpishi katika shule ya bweni, wanafunzi wanamwita Bi Ukoko kwa sababu hukwangua ukoko wa wali na kuwagawia wanaochelewa, na usidhani ni jina la dharau, wanampenda kama mama yao. Huyu mwanamke wiki nzima anasimama kwenye moshi akikoroga sufuria ambazo mtoto anaweza kuogea humo, kwa hiyo ikifika Jumapili raha yake ni moja tu, kukaa kwenye kiti cha hoteli na mtu mwingine amletee sahani. Husema, "Baba watoto, leo na mimi nashikiwa mwiko." Anajipulizia manukato, anavaa viatu vya visigino, akiletewa chakula anamshukuru mhudumu mpaka yule binti anaona haya, halafu anaonja na kuninong'oneza, "Chumvi imezidi, lakini usiseme, wamejitahidi." Shangazi, mimi ningeweza kumtazama mke wangu akila hotelini kama watu wanavyotazama mpira.

Shida ilianza tumbo langu lilipobadilika. Nikila linajaa gesi, linanyonga, halafu linanikimbiza chooni bila kunipa nafasi ya kuaga, na siku nyingine linafunga kabisa. Nilikwenda hospitali, nikapimwa kila kinachopimika, wakanipitishia mpira wenye kamera tumboni, daktari akasema hakuna kidonda wala minyoo, ila utumbo wangu ni mwepesi wa kukasirika, ugonjwa huu hauui lakini pia hauishi kwa dozi moja, nitakaa nao kwa kujua vitu vinavyouchokoza. Kwangu mimi ni vitunguu vingi, maziwa, mafuta mengi, maharage na wasiwasi. Na hotelini, Shangazi, hao wote hukutana meza moja.

Nyumbani najitetea, vitunguu natenga pembeni nikisema sivipendi, na choo ni changu. Hotelini nitajuaje walichotia? Na mke wangu sikumwambia. Nitamwambiaje mpishi, ambaye fahari yake yote ni watu kushiba vizuri, kwamba chakula kinanitesa? Na mwanaume mzima nianze kusimulia habari za kuharisha? Nikaingia kwenye visingizio, Jumapili hii nina kazi ya dharura, ile nyingine mgongo unauma, nyingine jua kali.

Siku ya kukumbuka ndoa yetu akaniomba kwa upole hata nikashindwa kukataa. Tukaagiza nyama ya mchuzi. Sijafika nusu ya sahani tumbo likanguruma, nikainuka kama niliyeitwa na polisi. Choo kilikuwa kimoja na kina mtu, nikasimama nje nimekaza kila kiungo, hatimaye nikaingia, nikakaa huko mpaka mwenye haraka zake akaanza kugonga mlango kwa ufunguo. Niliporudi, mke wangu hakuwa amegusa chakula chake, na changu alikuwa amekifunika kwa sahani nyingine kisipoe. Akaniuliza, "Ulikuwa wapi?"

Nikasema, "Mteja alinipigia, nikatoka nje kuongea na simu."

Aliichukua simu yangu pale kando ya sahani, akaisukuma taratibu mpaka mbele yangu. Ilikuwa mezani muda wote.

Tangu hapo hajaniomba tena tutoke. Jumapili anapika, tunakula, anaosha vyombo. Juzi nilimkuta chumbani mbele ya kioo, ameshika gauni lake la kutokea, akaniuliza bila kugeuka, "Hivi, unaona haya kuonekana na mimi kwa sababu nimenenepa?" Nikasema, "Wazimu gani huo?" kisha nikatoka nje, Shangazi, nikajifanya natafuta koleo.

Sasa amepandishwa cheo, amekuwa mpishi mkuu, na wenzake wa jikoni wamemwandalia chakula cha mchana hotelini Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Akaniambia, "Usijisumbue kuja. Nitawaambia una kazi." Yaani hata kisingizio amenitungia mwenyewe! Nikienda naogopa kumwaibisha mbele ya wenzake, nisipokwenda nitakuwa nimemthibitishia anachokifikiria. Nampenda, Shangazi. Nifanye nini?

Fundi mwenye tumbo la hasira

SHANGAZI ANAJIBU

Fundi, marahaba. Pole, na hii si pole ya salamu. Tumbo la namna hiyo linamnyima mtu raha, na wapo wengi wanaolificha kama wewe, wanaovijua vyoo vya mji kuliko wanavyoyajua maduka. Si uchafu na si udhaifu. Ni ugonjwa, na umefanya vizuri kwenda kupimwa.

Umeipokea pole? Sasa nikugombeze. Ulitaka kulinda haya yako, na aliyeumia ni mkeo mbele ya kioo. Ulimpa kimya, yeye akakijaza mwenyewe: nimenenepa, nanuka moshi, amepata mwingine. Alipokuuliza lile swali alikuwa amekufungulia mlango wazi kabisa, wewe ukaenda kutafuta koleo. Koleo la nini, baba?

Ukimaliza kusoma hapa, mwambie. Usisubiri Jumapili. Anza na ile simu ya mezani kwa sababu hapo ndipo panapouma: sema ulidanganya, ulikuwa chooni, na ulikuwa chooni kwa nini. Kisha mweleze alichosema daktari. Usiseme chakula chake kinakutesa, maana si kweli. Mtajie vinavyokuchokoza, umwombe akusaidie. Jamani, unaishi na mpishi mkuu halafu unamficha ugonjwa wa tumbo! Ni sawa na yeye akae gizani kwa kumwonea haya fundi umeme.

Na sherehe utakwenda. Piga simu hotelini mapema, waombe wakuwekee wali mweupe na kuku wa kuchoma asiyetiwa kitunguu wala maziwa. Watu huomba makubwa kuliko hayo na dunia inaendelea. Asubuhi kula kidogo kile ulichokizoea, usiende na njaa kali, na soda waachie wenzako. Ukifika, kabla hujakaa, kajue choo kilipo, kisha chukua kiti cha pembeni usije ukaruka magoti ya watu wote. Likikushika, mwambie mkeo "narudi," nenda zako. Sijawahi kusikia sherehe iliyovunjika kwa sababu mtu mmoja alikwenda chooni. Kwa daktari nako usikate mguu, na ukiona damu, au ukianza kukonda bila sababu, usiniandikie mimi, kimbia hospitali.

Mkeo hakuwa anafuata nyama kule hotelini, nyama anaijua. Alitaka kukaa mkabala na wewe, mikono yake ikiwa imepumzika. Basi kaa hapo.

FUNDI AMEANDIKA TENA, NA AMERUHUSU TUISOME

Shangazi, nilimwambia jioni ile ile, yeye anachambua mchele. Nilipofika kwenye habari ya choo mikono yake ikasimama. Akacheka mpaka akakaa chini, halafu akalia, halafu akanirushia konzi ya mchele kifuani. "Yaani siku zote hizi nalia kwa sababu ya choo?" Nikamwomba msamaha. Akaniambia, "Wali mweupe ningekupikia maisha yangu yote. Wewe ulitakiwa kusema tu."

Jumamosi nilikwenda, nikala nilichoagiza. Katikati ya hotuba ya mwalimu mkuu tumbo likanishika. Nikainuka, mke wangu akasogeza kiti chake nipite, akaendelea kusikiliza sifa zake. Niliporudi watu walikuwa wanampigia makofi, nami nikapiga hapo hapo mlangoni nilipofika, kwa nguvu kuliko wote, mpaka wenzake wakageuka kuniangalia.

Ilipokwisha akakataa tupande gari. Tulirudi kwa miguu, tena kwa njia ndefu, amenishika mkono mbele za watu, jambo ambalo tulikuwa hatujalifanya tangu uchumba. Nikamuuliza kama hajachoka.

Akasema, "Tembea tu."