Fomu ya Mwanaidi Haikukataliwa

Mdogo wangu Hamisi,

Kosa wanalofanya wengi kompyuta inapokataa ni kudhani wamekataliwa wao. Hukunja karatasi zao wakarudi nyumbani, kama tulivyozoea karani akisema haiwezekani. Ndivyo alivyofanya mwanetu Mwanaidi, na ndiyo maana umenikasirikia hata simu zangu hupokei. Basi naandika.

Assalaam aleikum. Mama anaendeleaje na miguu? Mimi mzima, ila nimechoka. Upepo wa Dodoma unaingiza vumbi mpaka ndani ya mashine, na macho yangu hayataki tena maandishi madogo.

Nilipopata ujumbe wako kwamba chuo chetu kimemkatalia mtoto hata kuomba nafasi, nilikwenda kwenye seva, ile kompyuta inayobeba tovuti yetu. Nikueleze taratibu. Mtu akifungua ukurasa wetu, anaomba kusoma. Akibonyeza kutuma fomu, anaomba jambo jingine: tupokee alichoandika. Wataalamu huita ombi la kwanza GET na la pili POST. Yapo na mengine, ya kuweka kurasa mpya na ya kufuta. Juzijuzi mhuni mmoja alituwekea picha chafu kwenye tovuti, na Nyemo, mwenzangu ofisini, akafunga kila ombi isipokuwa la kusoma. Fomu akaisahau. Waombaji wakawa wanaiona, wanaijaza, wakituma wanaambiwa njia hiyo hairuhusiwi. Fomu ya Mwanaidi haikumfikia mtu yeyote wa kuikataa.

"Fungua yote, Mzee Shabani, tumalize," mkuu wetu akaniambia.

"Nikifungua yote, mkuu, yule mhuni anarudi. Nifungue la kutuma tu, tena kwa fomu peke yake."

Akasonya, akaniachia.

Nikarekebisha. Ikakataa vilevile, kwa sababu seva yetu husoma maagizo inapowashwa, nami nilikuwa sijaizima. Umeme ukakatika. Uliporudi, ikawaka na kukubali. Miaka yote naulaumu umeme wa hapa, safari hii umenisaidia kazi. Fomu ya majaribio niliijaza kwa jina langu, Nyemo akaipokea upande wa pili.

"Babu, ukichaguliwa tukupangie bweni gani?"

"La karibu na jiko."

Akacheka, kisha akauliza, "Mbona hakuna aliyetupigia kulalamika?"

Sijui ni watoto wa nani wengine waliosoma maneno yale wakaenda zao. Hilo ndilo linalonichosha kuliko vumbi. Hao siwajui nikawaite. Wa kwetu namjua.

Umesema Jumamosi unampeleka Tanga kwa shangazi yake akajifunze kushona. Kushona ni kazi ya heshima, Hamisi, lakini si aliyoichagua yeye. Maombi yanafungwa Ijumaa, nami siahidi kwamba atapata. Nakuambia tu kwamba hajajibiwa bado.

Barua hii nampa kondakta wa basi la Tanga, atakuachia hapo stendi Korogwe. Mpe mama shikamoo yangu. Shemeji mwambie bamia zake kavu zimekwisha. Fundi baiskeli, jirani yetu, namsalimu pia.

Hasira zako zihifadhi, nitazipokea nikija likizo. Leo hii mpeleke Mwanaidi kwenye duka la intaneti, aijaze fomu upya na kuituma.

Kaka yako,
Shabani