Daftari la Koku Lililokaa Kabatini Mwangu

(Barua hizi zimechapwa kwa ruhusa ya wanawake wawili wanaotajwa ndani yake.)

Mshauri Adventina, salaam kutoka Mwanza. Hii ni karatasi ya nne, tatu nimezichana, na nikiichana hii najua sitaandika tena, kwa hiyo nivumilie maneno yakikimbizana.

Naitwa Sherbanu, mjane wa miaka sitini na mitatu, nina duka la madaftari na vifaa vya shule hapa mjini, na juu ya duka kuna chumba kirefu kilichokuwa stoo, ambacho miaka miwili iliyopita nilikisafisha nikaweka mabenchi, kisha nikabandika matangazo karibu na viwanda vya Nyakato kwamba mfanyakazi yeyote aliyetoka mbali, anayependa kuandika hadithi, mashairi au michezo ya kuigiza, aje Jumapili saa nane, kalamu na chai vipo. Nilidhani watakuja watatu. Siku hizi wanakuja ishirini na sita, wakata minofu wa samaki, wapakiaji, walinzi, wametoka Kigoma, Kagera, Mara, Ukerewe, wengine wanafika na mabuti ya mpira moja kwa moja kutoka zamu, na wakianza kusomeana unasahau kama chai imepoa. Paulo, mpakiaji wa magunia kutoka Kasulu, aliandika shairi kuhusu mgongo wake mwenyewe, walinzi wawili wakalia. Watu wananisifu sana, wanasema mama yule ana moyo.

Sasa sikiliza kilicho chini ya sifa hizo.

Miaka ishirini na miwili iliyopita nilikuwa na msichana wa kazi, Kokulinda, ametoka Muleba, miaka kumi na saba, mchapakazi na mkimya. Siku moja nikakuta daftari chini ya godoro lake nikalisoma, na ndani alikuwa ameandika hadithi ya mama mmoja anayefungia sukari kabatini na kuvaa funguo kiunoni hata akienda kuoga, mpaka watu wakitaka kuzungumza naye wanazungumza na funguo. Ilichekesha sana, na mama huyo alikuwa mimi. Nikamwita jikoni. Nikamwambia, "Nimekuajiri upike, sikukuajiri uandike." Akasema, "Mama, nitaondoka, lakini naomba daftari langu." Akalirudia ombi hilo mara tatu. Sikumpa. Kesho yake nikampandisha meli ya Bukoba.

Daftari nililiweka kabatini ili nilichome, na mpaka leo sijui kwa nini sikulichoma. Mume wangu alipofariki nikalikuta nikiwa napanga nguo zake, nikalisoma upya, na safari hii sikuona matusi, niliona kipaji, kuna ukurasa anamwandika mama yake akimsubiri ukingoni mwa migomba, nilipoumaliza nilikuwa nimekaa sakafuni. Ndipo nikafungua kile chumba. Kwa hiyo wanaposema nina moyo, mimi ndiye ninayejua moyo huo ulianzia wapi.

Mwezi wa tatu mwaka huu akaingia mwanamke mkata minofu, akasimama mlangoni, nikamjua kabla hajafungua mdomo, ni Koku. Na yeye alinijua, maana alirudisha mguu mmoja nyuma, kisha akasema, "Shikamoo, mama." Nikaitika marahaba. Akaenda kukaa benchi la nyuma, na hatujazungumza zaidi ya hapo. Ni miezi mitano sasa, wenzake wamemchagua mwenyekiti, ndiye anayewapanga, ndiye aliyekwenda kwa wasimamizi wa viwanda kuomba wenye zamu ya Jumapili wabadilishane, na anaandika mchezo ambao kundi litauigiza hadharani kule Nyakato baada ya wiki sita. Wiki iliyopita aliwaambia wenzake mbele yangu, "Mchezo huu ulianza kama hadithi nilipokuwa msichana, daftari likapotea. Baada ya hapo miaka ishirini sikuandika kitu. Mwanzo naukumbuka, lakini katikati panakataa." Paulo akamuuliza lilipoteaje. Akajibu, "Lilipotea tu." Hakunitazama, mshauri. Afadhali angenitazama.

Nikilirudisha, wote watajua, labda watasema chai yangu ilikuwa ya kuwafumba macho, na kundi litavunjika kabla ya siku yao kubwa. Nikinyamaza, namwona kila Jumapili akifuta na kuandika, akifuta na kuandika, na anachokitafuta kiko nyumbani kwangu. Mwanangu Danish anasema, "Mama, lichome, unataka kuaibisha ukoo kwa ajili ya daftari la mtoto?" Nifanye nini?

Sherbanu, Mwanza

*

Mama Sherbanu, shikamoo.

Nakujibu kwa posta kwanza, gazeti litasubiri, kwa sababu wiki sita si nyingi.

Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nilikasirika. Huruma nimebaki nayo, lakini acha nianze na hasira. Unasema unaogopa kundi litavunjika. Mama, usijifiche nyuma ya kundi. Unachoogopa ni sura yako wewe. Ulimnyang'anya binti wa watu kitu chake, ukamfukuza kwa kosa la kukuona ulivyo, na sasa kwa miezi mitano unamnywesha chai huku unamwangalia akihangaika kutafuta maneno yake mwenyewe. Chai hiyo ilikuwa dawa yako ya usingizi. Basi, nimemaliza.

Hata hivyo hukulichoma, na chumba ulikifungua, na watu ishirini na sita wanaandika. Hilo ni jema na litabaki kuwa jema hata ukiaibika. Kuaibika hakuui mtu wa miaka sitini na mitatu.

Usimtume Danish. Mwambie Danish nimesema afunge kiberiti chake. Usilifunge daftari kwa karatasi ya zawadi, maana humpi zawadi. Nenda mwenyewe anakokaa, siku asiyokuwa na zamu, mchana, ukiwa peke yako. Mwambie ulilichukua, ulilisoma, ulimkosea, na kwamba limeandikwa vizuri kuliko ulivyotaka kukubali. Usilie mpaka akalazimika kukubembeleza. Siku hiyo si yako. Usiombe msamaha kama mtu anayedai risiti. Mkabidhi, kisha uondoke akikuambia uondoke.

Jambo moja zaidi, na hili ulifanye kabla hujatoka nyumbani: andika barua fupi, uitie sahihi, kwamba chumba ni cha kundi kila Jumapili, Kokulinda akubali au akatae, akutukane au akusalimie. Waandishi hawawezi kusema ukweli wakiwa na wasiwasi wa kufukuzwa. Wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote Mwanza.

Nenda wiki hii.

Adventina

*

Mshauri, nilikwenda Alhamisi.

Koku anakaa chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda. Nilimkuta anamenya ndizi. Nikasema yote uliyoniambia niseme, kwa sauti mbaya, lakini nilisema. Akafuta mikono kwenye kanga, akalipokea daftari, hakulifungua.

"Kwa hiyo ulikuwa nalo."

"Nilikuwa nalo."

"Ile Jumapili ya kwanza sikujua chumba ni chako," akasema. "Nilipokuona nikataka kugeuka. Nikajiambia, sitaondoka kwa ajili ya mama huyu mara ya pili." Kisha akasema, "Sasa nenda nyumbani, mama."

Nikaenda. Jumapili mbili hakuja. Paulo akaniuliza kama mwenyekiti anaumwa, nikainuka kuongeza chai. Jumapili ya tatu akaja, akasimama mbele ya wote, akasimulia kila kitu bila kuongeza chumvi, kisha akasema, "Mama yupo, na aseme mwenyewe." Nikasema. Mhoja, mlinzi, akasema kundi lihame, kwa nini wakae juu ya duka la mtu kama huyo. Nikawapa ile barua ya chumba, Koku akaisoma kwa sauti. Wakapiga kura. Walibaki, kwa sharti kwamba tangu siku hiyo mambo yote wanaendesha wao, na mimi nikae benchini kama mwanachama.

Kuhusu mchezo, nilidhani amepata katikati yake. Alicheka kidogo tu. "Nimelisoma," akaniambia. "Yule mtoto alijua kuchekesha, lakini alikuwa hajaishi. Mwanzo namwachia yeye. Palipobaki naandika mimi."

Wakaigiza Jumamosi iliyopita, saa kumi, uwanjani kule Nyakato, watu wamejaa mpaka juu ya kuta. Mama mwenye funguo aliigizwa na Koku mwenyewe. Alitembea, mshauri, na ulikuwa mwendo wangu hasa, mguu huu wa kulia unaoburuza, na uwanja wote ukaangua kicheko. Danish alikuwa pembeni yangu, amekuja kwa kununa. Ndiye aliyecheka kwanza, mpaka akanishika bega asianguke. Na mimi nikacheka. Iliuma, lakini nilicheka.

Kisha ikaja sehemu mpya. Msichana yuko kwenye meli, hana daftari, hana kitu mkononi. Abiria mmoja anamuuliza kwa nini analia. Anaanza kumsimulia hadithi yake, taratibu, kwa mdomo tu. Abiria wa pili anasogea, wa tatu anakaa chini, mpaka meli nzima imekaa inamsikiliza. Uwanja ulinyamaza hivyo hivyo, nikasikia hata kamba ya pazia ikigonga mlingoti. Msichana alipomaliza, watu waliinuka kwa pamoja, wanaume wa viwandani wanapiga mabuti chini, akina mama wanapiga vigelegele, na wakaita mwandishi atoke. Akatoka, amevua kitambaa cha mchezo. "Naitwa Kokulinda Rwegasira," akasema. "Nakata minofu zamu ya asubuhi. Hii nimeiandika mimi." Vigelegele vikaanza upya.

Watu thelathini na mmoja walijiandikisha palepale, wa kwanza akiwa mama wa Kibondo anayefagia kiwandani, aliyesema ana hadithi tangu mwaka aliozaa pacha. Chumba changu hakiwezi tena kuwabeba. Koku amekwenda kwa mtendaji wa kata na kurudi na ruhusa ya kutumia ukumbi, na mwezi ujao wanavuka kwa kivuko kwenda kuigiza Sengerema.

Jana nilishindwa kujizuia, ingawa ulinikataza. Nikamuuliza kama amenisamehe.

"Bado, mama," akasema, huku anapanga majina ya wapya. "Lakini Jumapili uje mapema. Watu ni wengi na nahitaji mtu wa kuwapokea."

Nitafika saa sita.

Sherbanu