Subiri Dhamana Iive

Geita, kambini
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kaka yangu Saidi,

Shikamoo. Usishtuke kuona bahasha, hakuna aliyekufa wala aliyelazwa. Mimi ni mzima, ni miguu tu inayolalamika kwa kusimama jikoni toka alfajiri. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanikatia, halafu ukipiga tena unasema ni mtandao. Mtandao wa huko kwetu Mtua naujua, unashika vizuri sana wakati wa kuomba, ukianza kujibiwa unapotea. Karatasi haikatiki. Anayekuletea ni yule nesi wa Mnero anayefanya kazi hapa Geita, anakwenda kwao likizo na anaondoka kesho. Mpe hata kikombe cha chai. Halafu umsomee Mama barua yote, usiruke mahali.

Mama anaendeleaje na goti? Ndani ya mfuko kuna dawa ya kuchua. Mwambie ni yake, asianze kuigawa kijiji kizima. Na wifi yangu Mwanahawa hajambo? Nimesikia kwao Chunyu ufuta umekubali mwaka huu, nikafurahi, maana wazee wake wamehangaika sana.

Huku kazi ni ile ile, kuwapikia wajenzi wa barabara. Wanakula kama watu wanaofukuzwa. Siku moja nilijitia kuwasongea ugali wa muhogo, kijana mmoja akaubonyeza na kidole akaniuliza kama ni wa kula au wa kubandikia bahasha. Ming'oko, ile mizizi yetu ya kuchimba porini, ndiyo kabisa hawaijui, nimewaeleza hadi nimechoka. Korosho ndizo wanazozikubali. Ile ndoo mliyonitumia msimu uliopita ilifika salama, mmebangua vizuri, hata vipande vilikuwa vichache. Uliniuliza kama nazila peke yangu kama panya ghalani. Swali hilo nitalijibu, lakini acha kwanza tuongee lililonifanya nishike kalamu.

Alhamisi ulinipigia ukaniambia, na ninaandika maneno yako kama yalivyotoka:

"Somoe, kuna bwana hapa anatoa hela. Ijumaa ijayo anarudi kuchukua jibu. Palizi inanidai, petroli sina, mashine ya kupulizia ya kukodi. Wewe hela yako imelala tu huko serikalini. Serikali ina shida gani na hela ya mpishi?"

Nikakuuliza, "Huyo bwana anataka nini?"

Ukasema, "Korosho tu, msimu ukifika."

Nikauliza tena, "Korosho tu?"

Ndipo ukakohoa. Kaka, kikohozi chako nakijua toka tukiwa wadogo, ukiiba sukari ulikuwa unakohoa hivyo hivyo. Ukasema bwana anataka na shamba la chini liandikwe, ili magunia yakipungua alichukue. Halafu mtandao ukapotea.

Shamba la chini! Mikorosho aliyopanda Baba kwa mikono yake, sisi tukimbebea maji kwenye madumu. Nimekasirika, sitaki kukuficha. Siku hiyo nilitia chumvi mara mbili kwenye maharage na watu wazima wakala hadi wakamaliza, maana waliuona uso wangu.

Hiyo kangomba, ya kuuza korosho zikiwa bado mtini, wewe hukuianza leo. Msimu wa juzi ulichukua hela ya mtu mikorosho ikiwa kwenye maua. Mnada ulipofunguliwa, jirani akapeleka ghalani magunia kumi na mawili, wewe ukapeleka mawili, na mashamba yenu yanapakana. Mengine yote yaliondoka usiku kwa bei ya kutupa. Unakumbuka Mama alivyofanya? Hakugomba. Alikaa siku mbili chakula kinawekwa mbele yake na kinaondolewa kama kilivyo. Siku ya tatu wifi ndiye aliyeniambia, akilia. Na mwaka ule lilikuwa ni suala la magunia tu, ardhi haikuguswa.

Na kabla hujasema una maisha magumu, nakukumbusha kwamba korosho za msimu uliopita zilikulipa vizuri. Ulinunua sabufa. Nimelisikia kwenye simu, lina sauti nzuri, Nachingwea nzima mnacheza. Lakini sabufa halipalilii, na salfa ya ruzuku, hiyo dawa ya mikorosho, hata ikiletwa hadi mlangoni haijipulizi yenyewe. Hilo nimelisema, sitalirudia.

Sasa nikueleze hela yangu inafanya nini serikalini, maana naona hujanielewa na pengine kosa ni langu. Ile inaitwa dhamana ya serikali ya muda mfupi. Serikali inakopa kwa wananchi. Inasema, nipe sasa pungufu kidogo ya mia, baada ya miezi sita nakurudishia mia kamili. Ile tofauti ni yako. Ipo ya muda mfupi zaidi na ipo ya mwaka. Hakuna uchawi, na hakuna utajiri vilevile. Anayekwambia atajenga ghorofa kwa dhamana moja ya mpishi, mkimbie.

Na inauzwa kwa mnada. Hapo ndipo nilipojiaibisha, na sijawahi kumwambia mtu, kwa hiyo cheka taratibu. Mara ya kwanza binti wa benki alinipa fomu, akaniambia niandike bei ninayotoa kwa kila shilingi mia. Mimi mtoto wa korosho nikavimba kichwa. Kwetu mnadani mnunuzi anayeandika bei ya juu ndiye anayeondoka na mzigo, na watu wanampigia makofi. Nikajisemea, leo mnunuzi ni Somoe, sishindwi na watu wa mjini. Nikaandika tisini na tisa na senti juu yake. Binti akaniangalia.

"Mama, una uhakika na hii bei?"

Nikamwambia, "Binti, mimi nimekulia mnadani."

Nilishinda bila shida. Nani angeshindana na mimi? Nilisahau kwamba makofi ya mnadani ni ya wakulima, wanaoshangilia kuuza vizuri, na safari hii muuzaji alikuwa serikali. Niliilipa karibu mia ili baada ya miezi sita inirudishie mia. Milioni yangu nzima ilikaa nusu mwaka ikazaa doti moja ya kanga, na wala si ya maana. Safari iliyofuata nilirudi na adabu. Binti akanifundisha kwamba wadogo kama sisi tunaruhusiwa kukubali bei ya wastani ya mnada, bila kujitia kuandika. Tangu hapo sijakosea.

Ile kanga ndiyo niliyomletea Mama. Aliishika, akaipenda, halafu akauliza imetoka wapi. Nikamweleza. Akauliza, "Hii nyongeza ni riba?" Sikumzungusha. Nikamwambia wapo wanaosema ni riba moja kwa moja, na mimi sina elimu ya kubishana nao. Akaikunja, akampa mama mmoja mwenye shida, hakuivaa hata siku moja. Hakunisema vibaya. Tangu siku ile nyongeza haiingii nyumbani kwetu. Ile kamba mpya na ndoo mbili za kisimani mnazochotea, ndiyo nyongeza ya mwaka jana. Mama anajua. Wewe ulidhani ni diwani.

Kwa hiyo mimi sitafuti nyongeza, kaka. Natafuta kufuli. Hela ikikaa kwenye simu yangu ina masikio, mtu akikohoa Mtua inatoka. Ikiwa kwenye dhamana inakaa kimya mpaka siku yake. Nami siku yake niliichagua kwa akili. Nilinunua ya miezi sita mwezi wa Desemba, minada ya kwetu ikiwa inaishia, nikahesabu kwa vidole: itaiva mwanzoni mwa Juni, wakati wa kupulizia. Ule wakati ambao kila mwaka mifuko yetu inakuwa mitupu na mabwana wa kangomba wanapita nyumba kwa nyumba wakiulizia afya zetu. Itaiva Alhamisi, wiki tatu kutoka wiki hii.

Juzi Ijumaa niliomba ruhusa nikaenda benki, nikitaka kuivunja. Ndiyo, pamoja na hasira zangu zote nilikwenda. Binti akaniambia inawezekana kuiuza kabla haijaiva, lakini mpaka apatikane mnunuzi, na nitapunjwa. Akanipa fomu. Nimeandika jina, nimeandika namba, kalamu ikasimama. Nikajiuliza, Somoe, unavunja kufuli kwa ajili ya nini? Palizi ya wiki tatu? Hiyo hata mshahara wangu unaiweza. Unachokimbilia kutibu ni woga wa kaka yako tu, na woga hautibiwi kwa fomu. Nikamrudishia karatasi yake, nikarudi kuwahi chakula cha jioni.

Basi mpango ni huu. Hela ya vibarua wa palizi nimeshatuma jana kwenye simu ya wifi Mwanahawa. Si kwamba sikuamini, ila naogopa sabufa lisije likapata mdogo wake. Anza shamba la chini. Dhamana ikiiva Alhamisi ile, Ijumaa unapata ya mashine na petroli, na utapuliza kwa wakati. Uliniuliza pia karatasi iko wapi, maana kwetu mtu akipeleka korosho ghalani anarudi na stakabadhi mkononi. Dhamana haina karatasi ya kutunza chini ya godoro, imeandikwa kwenye mtambo wao kwa jina langu. Lakini nilijua hutalala, nimemwomba binti akanichapishia. Ipo ndani ya bahasha, imekunjwa mara nne. Tazama siku ya kuiva. Mwonyeshe na Mama, hata kama hasomi, anapenda kuona mhuri.

Sasa lile swali la panya.

Sijala korosho zenu, kaka. Nimeonja, siwezi kusema uongo, harufu ile ikipanda kwenye kikaango mtu wa Nachingwea hawezi kufunga mdomo. Lakini ndoo zote tatu, za misimu mitatu, nimezikaanga kwa chumvi nikawauzia wajenzi, kikombe kwa kikombe, jioni wakipokea posho. Huku korosho ni kitu cha harusini, wanalipa bila kubishana. Hela yake sikuichanganya na mshahara. Niliiweka kwenye kopo lake, na mwezi wa Desemba ilipotimia kiwango cha kununulia dhamana, nikainunulia. Akiba ya mshahara wangu iko kwenye dhamana nyingine, ya mwaka mzima, hiyo usiiote hata usingizini. Hii inayoiva Alhamisi ni zile ndoo tatu.

Nawe unajua zilitoka wapi, kwa sababu uliniambia mwenyewe kila ulipotuma: "Hizi ni za shamba la chini, za kwake Baba ndizo tamu." Kwa hiyo usiniombe, na usinishukuru. Hela hiyo ni yenu. Mikorosho ya Baba ilishaweka akiba ya kujipulizia yenyewe, na wewe ulikuwa unataka kuiandikisha kwa mtu aliyekuja na kalamu.

Nakupenda kaka yangu, na najua ulivyobaki peke yako na jembe, Mama na goti lake, na mimi nimekaa mbali natoa maelekezo kama bwana shamba. Mwanaume akikosa hela ya vibarua mbele ya majirani anaumia, hilo nalielewa. Ningekuwa mimi labda ningesaini. Lakini sasa huna sababu. Ijumaa hii huyo bwana akija mpe kiti, mpe maji ya kunywa, uliza habari za kwao. Halafu mwambie shamba la chini limeshajilipia.

Nisalimie wifi, mwambie akiona ujumbe wa hela asikwambie kiasi, akwambie tu vibarua wangapi. Wazee wake wa Chunyu nawaamkia wote. Shangazi yetu anayeuza mbaazi sokoni mwambie kanga yake naikumbuka, na hiyo itatoka kwenye mshahara, avae bila wasiwasi. Jirani wa magunia kumi na mawili naye msalimie, umwambie mwaka huu ajiandae.

Mama namshika miguu. Ijumaa jioni nitapiga simu. Sitakuuliza umeamua nini, wala hutakuwa na haja ya kukohoa. Nitauliza tu kama Mama amekula.

Ni mimi mdogo wako, mtoto wa mnadani,
Somoe