Kuku Wetu Ametaga Kenya

Baba Nabwire, mume wangu,

Pumzika tu huko uliko, mimi nimehama. Usishtuke. Kaburi lako liko palepale Masinya, mke wa mdogo wako analifagia, na mimi nakwenda kung'oa majani kila nikipata mwenye pikipiki anayekubali kwenda polepole. Lakini ile nyumba yetu, mvua ilikuwa inaingia ndani mara nyingi kuliko wageni. Nabwire akaja, akaangalia ukuta, akaangalia na magoti yangu, akasema, "Mama, twende tukae wote Busia." Nikamwambia nitajaribu tu. Nakwenda na kuku wangu. Siku akitotoa, kama bado sijazoea, anirudishe kwangu. Akakubali. Unamjua mtoto wako, akikubali haraka ujue ameshapanga lake.

Siku ya kuhama ungecheka. Nilipakia jiwe la kusagia, mafiga yote, na kile kigoda chako chenye mguu mmoja mfupi. Dereva wa pikapu akaniuliza, "Mama, kwani Busia hakuna mawe?" Nikamjibu, "Yako mengi, lakini hayanijui." Kuku nilimpakata mwenyewe njia nzima. Ni mwekundu, wa ukoo wa yule uliyenipa wewe.

Sasa nikueleze nyumba ya mjini. Choo kiko ndani, kinatazamana na sufuria. Siku za kwanza nilikuwa naona aibu kuingia wakati ugali uko motoni. Mlango una kufuli mbili, na mimi nimezoea mlango wa kuzuia mbuzi. Nikienda bombani narudi kuangalia kama nimefunga, halafu narudi tena kuangalia kama niliporudi nilifunga. Ukuta nao mwembamba. Jirani akipiga chafya nasema pole, naye anajibu kutoka kwake, "Asante, mama." Uso wake mpaka leo siujui vizuri, lakini mafua yake nayajua.

Kuku nilimfunga kamba mguuni, kama tunavyomfanya kuku mgeni mpaka azoee kwake. Lakini alikuwa ananiangalia kwa lile jicho la upande, nikamhurumia, nikamfungua mapema. Akapotea. Siku nyingi nikazunguka nyumba za watu naita ti-ti-ti mpaka sauti ikakauka. Nikasema basi, hata kuku ameikataa Busia, mimi nabaki kwa nini?

Kumbe nyuma ya nyumba kuna mfereji, na ng'ambo ya mfereji ni Kenya. Kuku hana kitambulisho, hakuulizwa kitu. Nilimkuta kwa mama mmoja Mjaluo anayekaanga samaki, wanamwita Mama Akinyi. Kuku wangu ametulia ndani ya beseni lake kuukuu, analalia mayai, ananitazama kama hanijui.

"Kuku ni wako, sikatai," Mama Akinyi akasema, huku anageuza samaki. "Lakini mayai yametagwa Kenya."

"Na mahindi aliyokula ni ya Uganda!"

"Basi tumwite mtu wa forodha ampekue tumbo."

Wateja walicheka mpaka mmoja akaangusha samaki wake. Mimi nilitaka kukasirika, nikashindwa. Tukapatana: kuku aliyeatamia hahamishwi, ukimsumbua anaacha mayai yapoe. Alale hapohapo, akitotoa tugawane.

Basi nikawa navuka mfereji kila asubuhi na mtama kwenye pindo la kanga, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Namwekea kuku chakula, na Mama Akinyi ananiwekea chai. "Mama Uganda," ananiambia, "Kiswahili chako kimechoka njiani." Na mimi namwambia, "Chako kimevaa tai, na kazi hakina." Tunacheka mpaka chai inapoa. Nikirudi, Nabwire ananiuliza, "Leo Kenya wanasemaje?" Na kweli nina habari za kumpa. Siku moja nilifika kwa Mama Akinyi ndipo nikakumbuka sikufunga hata kufuli moja. Sikurudi kuangalia.

Unakumbuka nilipokuja kwenu bado msichana kutoka Nagongera? Lugha yenu ya Lusamia siijui, nalia jikoni, nikatoroka nikarudi kwa mama, mkanileta, nikatoroka tena. Mama yako akasema, "Huyu tumfunge kamba mguuni." Wewe hukubisha. Ulikwenda sokoni, ukarudi na kuku kwapani. "Huyu ni wako. Akitotoa na bado unataka kwenda, nitakupeleka mwenyewe na baiskeli." Kuku akatotoa. Kaka yangu akaja kuniuliza kama turudi nyumbani, nikamwambia, "Nitakwendaje? Vifaranga bado wadogo." Ulikuwa nyuma ya nyumba unapasua kuni. Nilisikia shoka limenyamaza.

Sasa jana Mama Akinyi ameniita kwa kupiga sufuria na mwiko. Vifaranga wametoka, wazima, wengine wekundu kama mama yao, wengine sijui wamemfuata nani. Tumekubaliana tusigawane kwanza, wakue pamoja, waende huku na huku wanavyotaka.

Jioni Nabwire alikuwa anaosha vyombo. Hakunigeukia. Akasema tu, "Haya, mama. Kuku ametotoa. Nitafute pikapu?"

"Pikapu ya nini?" nikamwambia. "Vifaranga bado wadogo."

Mikono yake ikasimama kwenye maji. Nami nikakaa kwenye kigoda chako, nikasikiliza. Shoka sikulisikia. Nilisikia jirani akipiga chafya, nikasema pole.

Lala salama, mume wangu. Majani ya kwako nitakuja kuyang'oa, na mtama kidogo nitakunyunyizia.

Ni mimi kuku wako mgeni,
Mama Nabwire