Zuhura Hakuuza Mechi

Mama Faraja,

Tumefungwa. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, hata salamu ungenikatisha mpaka kwanza nikupe matokeo. Basi ndiyo hivyo. Tumefungwa kwa pointi moja, tena kule Randburg, mbele ya wale akina mama wenye viti vya kukunja na blanketi za magotini. Sasa nakusalimu. Sisi huku wazima kwa mdomo tu.

Tangu tukuzike mengine yamebadilika na mengine yamegoma. Lifti ya jengo letu bado imelala. Kiti chako cha kusukia pale getini kakikalia msusi mwingine, mkono mzito, anasuka kichwa cha mtu kama anafunga mzigo wa basi. Faraja yuko kwa mama yake mdogo, anasoma, anakula, mashavu yamejaa. Kila Ijumaa namtumia wali wa nazi na bakuli linarudi tupu, na wewe unajua wali wangu hauna mpinzani Berea nzima hapa Johannesburg. Ila kule uwanjani, upande wako, hakai mtu. Balaa letu lilianzia hapo.

Maana wewe ndiye uliyekuwa macho yetu. Shule ilipoleta huu mpira wa Kiaustralia, ule wa yai, unaopigwa kwa mguu na kwa ngumi kwenye uwanja wa duara, na milingoti minne kila upande, sisi sote tulicheka. Mimi nilisema hao waliouanzisha walikuwa na mbao za ziada. Wewe hukucheka. Ulikwenda ukasimama nyuma ya yule mwamuzi mwenye bendera nyeupe, ukasimama na baridi yote ile, ukarudi umeshaelewa. "Bendera mbili, sita. Bendera moja, moja. Njo vile tu, Mama Zuhura, haiko kitu ya kuogopesha." Mpira ukipita katikati, pointi sita. Ukipita pembeni, au ukiguswa kwanza, pointi moja. Ukawa unatutafsiria mechi nzima kwa Kiswahili chako cha Bukavu, na sisi tukawa tunashangilia kwa wakati, kama watu. Sasa tunashangilia tukisikia wengine wameshangilia. Tumekuwa mwangwi.

Na Zuhura wangu, usiseme najisifu, wewe mwenyewe ulisema kwanza: mtoto anaruka hadi magoti yake yanafika mabegani kwa wenzake, anaudaka mpira juu kule kama anaanua nguo kwenye kamba. Urefu ule ni wa kwetu Tanga, upande wa mama yangu. Jumamosi ijayo tunarudiana na hao hao wa Randburg, na wanakuja wale wanaochagua timu ya jimbo, na kocha ameshaniambia jina la kwanza kuwaonyesha ni lake. La kwanza, Mama Faraja! Nimeshawaambia mpaka Wasomali wa Mayfair ninaponunua mchele.

Halafu ikaja hii pointi moja.

Ngoja nikupe kama nilivyoiona. Mechi ilikuwa sare, mwisho mwisho. Mpira ukaja upande wetu, mrefu, na nyuma yake anakuja binti wa wenzetu wa Randburg, mbio, mwili kama kabati. Zuhura peke yake. Hakuna mwenzake karibu. Nikapiga kelele ambayo nadhani uliisikia. Na yeye, kwa mkono wake mwenyewe, Mama Faraja, akaupiga mpira ngumi ukavuka mstari wetu sisi, katikati ya milingoti yetu sisi. Bendera moja ikapepea. Tukasema sasa atauanza upya, tutakimbia, tutarudisha. King'ora kikalia. Wenzetu wakakumbatiana. Kocha wao akavuka uwanja, akamfuata mwanangu, akampa mkono, akamwinamia sikioni, na Zuhura akatabasamu.

Sasa sisi ni watu wa soka. Tumekulia soka. Mtu akiutia mpira kwao, kajifunga. Akiutia kwa makusudi, kwa mkono, halafu kocha wa wapinzani akaja kumshukuru, hiyo ina jina moja tu kutoka Kigoma mpaka Lamu: kauza mechi.

Hakuna aliyesema. Baba Swalehe, yule fundi cherehani wa ghorofa ya pili, ambaye anasema zamani alicheza winga Tanga na shahidi wa hilo ni yeye mwenyewe, alikohoa tu. Kile kikohozi nakijua. Ni kikohozi cha mtu anayekunja mikono ya shati.

Njiani nilikaa na Zuhura. Nikamuuliza, mwanangu, kwa nini? Akasema, "Eish, Ma, niache," akatia vile vya masikioni, akageukia dirishani. Tukasimama kwenye kila robot ya Johannesburg, kila taa nyekundu, na hakuniangalia. Basi na mimi, mama yake mzazi, niliyembeba huku nikivuka mipaka, nikaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Alipokwenda kuoga nilipekua begi lake. Nilitafuta ndani ya viatu, ndani ya soksi. Sijui nilitegemea nini. Nilipata matope na ganda la ndizi.

Asubuhi nilimweka chini nimpake mafuta ya nywele, kwa sababu mtoto aliyeshikwa kichwa hana pa kukimbilia, hilo ulinifundisha wewe. Nikamwambia, Zuhura, leo jioni watu watakaa kikao, watakutaja, na mimi sina la kusema. Nani kakutuma? Akasema, "Mama Faraja."

Nilitaka kumpiga na kitana. Kumsingizia marehemu! Nikajisemea, huyu kachagua shahidi mzuri, shahidi asiyekanusha. Lakini akaendelea. Akasema ulikuwa unamfundisha koridoni, ghorofa ya tatu, mimi nikiwa kazini. Ulisimamisha mafagio manne ukutani. Ulijifanya wewe ndiye yule binti kabati, unamkimbilia na kitenge kimefungwa kiunoni, unahema, unacheka. Na ukamwambia, akiwa peke yake na hatari inakuja, asisubiri, autoe nje kwao wenyewe, kisha mpira unarudi mikononi mwake anauanza upya. Akayasema maneno yako: "Potesha moja, usipoteshe sita. Njo akili iyo."

Mama Faraja, wewe unamjua Zuhura. Kiswahili changu mimi mama yake kinamshinda, nikimsemesha ananijibu Kizulu. Lakini sentensi hiyo aliisema na pumzi yako, na ile sauti yako ya kupanda mwishoni. Mafuta yalinidondoka. Mtoto hawezi kutunga koo la mtu mwingine. Kwa hiyo ulikuwa wewe. Alitaka kupoteza moja ili asipoteze sita, na saa hakuiona. Na yule kocha wa wenzetu alimwambia nini sikioni? Eti amecheza kwa akili ya mtu mzima. Akili ya nani, mimi ndiyo ninaijua.

Sasa fikiria jioni yake. Kikao chetu bado ni kilekile ulichokianzisha, uani, watu wa kanisani wakisharudi, chai ya maziwa, sambusa zangu. Na sheria yako bado ipo: anayesema anapakata mpira, hakatizwi, na akiwa ameupakata hasemi uongo. Mpira ukazunguka. Mmoja akasema refa alikunywa maji ya wenzetu. Mwingine akasema mpira ulikuwa wao, umejazwa upepo wao, ungetutii vipi? Mama Divine, Mrundi wetu, akasema aliona unga mweupe umemwagwa nyuma ya milingoti, na yeye unga huo anaujua, hao wana kamati ya ufundi. Watu wakaguna. Mimi nilidhani ni chokaa ya mistari, lakini siku hizi nani ana uhakika. Nikatamani sana iwe ni uchawi. Uchawi ungetufaa wote.

Mpira ukamfikia Baba Swalehe. Akaupakata kama mtoto wa kutahiriwa. "Mimi jina la mtoto wa mtu silitaji," akasema, akiniangalia mimi. "Ila mpira nimecheza. Mchezaji anatia kwao, halafu adui anampa mkono. Gari la kuwapeleka watoto tunalikodi sisi. Mimi nasema Jumamosi huyo apumzike, mpaka tujue."

Jumamosi! Siku ya wachaguzi! Na hakuna aliyempinga. Walitazama vikombe vyao kana kwamba chai ilikuwa na maandishi.

Hapo nilikuwa na njia moja nyepesi, kusema ni wewe. Ulimi ulishafika kwenye jina lako. Halafu nikawaangalia vizuri, nikaona jinsi jambo lingekwenda: kila Jumapili, kwa sambusa zangu mwenyewe, wangekutafuna. Marehemu ndiye aliyetupotezea mechi. Marehemu alijitia kujua. Na Faraja akipita getini, wangesema, mama yake ndiye yule. Sikuweza. Nikamnyang'anya Baba Swalehe mpira, nikaupakata, nikasema: "Nilimfundisha mimi."

Kisha, Mama Faraja, kicheko. Mama Divine alimwaga chai. Baba Swalehe akasema, "Wewe? Wewe uliyeshangilia mpira ulioangukia kwenye magari?" Nikamwambia ndiyo mimi huyo huyo, na mpira ninao mimi, kwa hiyo nyamaza.

Sheria zote zilikimbia kichwani, nikabaki na Johannesburg tu. Nikamuuliza, Baba Swalehe, wale vijana walipokusimamisha pale kona na kisu, ulishikilia simu? Akasema nani ashikilie, aliwapa. Nikasema, kwa nini uliwapa, kwani umeuza simu? Alitikisa kichwa. Nikasema, basi, yule binti alikuwa anakuja kuchukua sita, mwanangu akampa moja abaki na roho. Na mwenye kisu mwenyewe akaja kumpa mkono kwa akili yake. Kosa liko wapi?

Hapo hata mimi nilijishangaa. Usinicheke.

Baba Swalehe akakuna kidevu. "Lakini hiyo roho yenyewe haikubaki. King'ora kimelia."

"Angejuaje?" akasema Mama Divine. "Na wewe ungejua kisu ni butu, ungetoa simu?"

Watu wakacheka tena, safari hii hawakunicheka mimi. Wakasema sharp, sawa, apande gari. Jumamosi atacheza.

Lakini nakwambia wewe tu: siwaamini. Walikubali upesi mno. Nilimwona Baba Swalehe akimnong'oneza mtu kwenye ngazi, na nilipopita wakaanza kuzungumzia bei ya nyanya. Watu wanaozungumzia nyanya ghafla vile wana jambo. Wanasubiri. Wanasema tumwache acheze, tumtazame vizuri ule mkono wake. Na Zuhura anajua anatazamwa. Jana nilimkuta koridoni peke yake na mpira, anajipigia ukutani, na kila mpira ukija anaukumbatia, hautoi tena. Nikamuuliza mbona hupigi ngumi? Akasema, "Ma, wakisema tena?" Mtoto aliyekuwa anaruka mpaka dari! Hilo linaniuma kuliko kufungwa. Akiogopa Jumamosi, wachaguzi watamwona mrefu tu.

Na wewe pia nakushuku kidogo. Koridoni, na mwanangu, mimi nikiwa kazini, bila kuniambia! Siku ile nilipokuta ufa kwenye fagio langu ukasema ni panya. Panya gani, Mama Faraja? Ulimfundisha nini kingine? Juzi nimemsikia akiimba wimbo wa kwaya yenu huku anaosha vyombo, mtoto wa Kiislamu, tena anaimba vizuri, sauti yangu hiyo. Nimemwacha amalize.

Nimesema uongo nikiwa nimepakata mpira wako. Unisamehe hilo. Lakini sheria uliitunga ukiwa hai, hukujua kama siku moja uongo wenyewe ungekuwa wa kukufunika wewe. Faraja nitamwambia ukweli akikua, yeye peke yake, ajue mama yake alikuwa nani.

Sasa nikuage, wali uko motoni. Jumamosi sitakaa na wenzangu. Nitakwenda kusimama nyuma ya mwamuzi wa bendera, pale pale kwetu, Zuhura akigeuka anione. Na mpira ukija tena mrefu vile, na binti kabati nyuma yake, na mwanangu peke yake, sitangoja bendera, sitangoja mtu akohoe. Mkono wake ukinyanyuka tu, nitapiga makofi. Hata ikiwa ni pointi ya wenzetu. Hata ikiwa uwanja mzima ni mimi peke yangu, wale wa Randburg wananiangalia wanasema huyu mama anashangilia nini. Nitapiga mpaka viganja viwake, na mtoto asikie.

Lala salama, dada yangu. Mungu akupe nafasi nzuri ya kuona.

Mwenzako,
Mama Zuhura