Masale ya Mama Mwanaheri

Esta, sikiliza. Wale mawakili wa msaada wa bure waliokuja Lukozi leo wamenitumia kummaliza mjane.

Mama Mwanaheri alieleza kwa Kishambaa, nami nikatafsiri kila neno. Masale, ile mimea inayoonyesha mpaka wa shamba, aliyapanda marehemu mumewe, na hana ushahidi mwingine. Wakili akaandika yote.

Ndipo akauliza Mama anagombana na nani. Na shemeji yake, Zuberi.

"Zuberi? Huyo ni mteja wetu." Akafunga daftari. Daftari lenye kila kitu, Esta.

Nikamwambia, "Chana hiyo karatasi." Akacheka. "Dada, tulia, tumekuja kusaidia jamii."

Jamii ya Zuberi.

Njoo sasa hivi na simu yako. Tuyapige picha masale yote kabla Zuberi hajaambiwa na wakili, akaja na jembe kuyang'oa.