Mama Kulwa wa Vitumbua Yuko Geita

Geita, kambi ya mgodi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Kaka Petro, ambaye najua ndiye anayekusomea, namwamkia pia, ila namwomba asome yote asiruke, hata akiona uso wako umebadilika. Sisi huku ni wazima. Mume wangu Masanja bado anafanya kazi chini ya ardhi. Anatoka vumbi tupu, lakini anatoka, namshukuru Mungu.

Nimejifungua, mama. Mtoto wa kike. Nikueleze ilivyokuwa.

Uchungu ulinishika asubuhi nikiwa bombani nateka maji. Majirani wakanishika mikono wakanirudisha nyumbani, mmoja akakimbia kumwita mama anayezalisha wanawake hapa kambini. Alipoinama mlangoni nilimjua papo hapo. Mama Kulwa! Yule jirani yetu wa Shinyanga, aliyekuwa akikaanga vitumbua barazani kwa fundi cherehani.

Sikufichi, niliogopa. Nilikumbuka mwaka ule wa surua, mtoto wa fundi alipofariki, watu wakasema kitumbua alichokula kilitiwa dawa. Tangu siku ile sinia lake likawa linarudi nyumbani limejaa. Hata kwa Mwarabu wa halua watu walinyamaza akipita. Wewe nawe uliniambia nivuke barabara nikimwona, nami nikavuka, huku akiniita kwa jina. Najua ulikuwa na hofu, Petro alikuwa kitandani na surua hiyo hiyo. Haukupita muda Mama Kulwa akapanda treni na mapacha wake, Kulwa na Doto, wala hakuna aliyewasindikiza stesheni.

"Wewe si mtoto wa Mama Petro?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo. Nilidhani atageuka aondoke. Akakunja mikono ya gauni, akaagiza maji ya moto. "Jikaze, mayu, jikaze mama," akasema.

Mtoto alitoka kimya, kitovu kimemzonga shingoni, rangi yake kama majivu. Mama Kulwa akakizongoa, akampulizia mdomoni, akampigapiga nyayo, akampulizia tena. Mimi nalia tu. Yeye hakuacha mpaka mtoto alipopiga ukelele. Ndipo akaketi chini, akajifuta uso kwa kanga.

Siku ya tatu alipokuja kumwogesha mtoto nilimwomba radhi.

"Ulikuwa mtoto," akasema. "Ulifanya ulivyoambiwa."

Kisha akaanza kuuliza habari za mtaa, duka baada ya duka. Je, Mhindi bado anatundika kaniki mlangoni mpaka mteja aingie ameinama? Mwarabu bado anawaachia watoto wakwangue sufuria ya halua? Na mke wa mchinjaji, bado anafukuzana na mbuzi wake mwenyewe mpaka sokoni? Tulicheka, mama, mpaka mtoto akaamka.

Mwisho akauliza taratibu, "Na fundi? Alijaliwa mwingine?"

Nikamwambia amepata wawili, na mkubwa anasoma kwa mapadre.

"Afadhali," akasema. "Afadhali sana. Nilikuwa nikimfikiria." Akainamia beseni, akaanza kumwogesha mtoto, wala hakuinua uso kwa muda mrefu.

Mtaani sote tulimwita Mama Kulwa, jina lake mwenyewe sikuwahi kulisikia. Nilimwuliza. Anaitwa Minza. Nami mwanangu nimempa jina hilo. Masanja alikuwa amekwisha kuchagua la mama yake, lakini aliposikia habari yote aliitikia kwa kichwa tu, akamchukua mtoto akamwita, "Minza."

Nakuomba uje umwone mjukuu wako. Panda treni mpaka Mwanza, uvuke kwa feri, Masanja atakungoja ng'ambo na lori la mgodi. Lakini njoo ukijua kwamba Mama Kulwa utamkuta, maana kila asubuhi yuko hapa. Nimemwambia nakuandikia uje.

"Aje," akasema. "Atafika amechoka. Nitamchemshia maji ya kuoga."

Nisalimie shangazi anayekaa nyuma ya bucha, na bibi muuza tumbaku. Fundi na mkewe wasalimie kwa namna ya pekee. Mweleze fundi ni nani aliyemwokoa mwanangu. Mweleze wewe mwenyewe, mama, kwa mdomo wako, asije akasikia kwa watu.

Mimi mwanao anayekupenda,
Veronika, ambaye huku sasa wananiita Mama Minza